Ukurasa Safi

Katika miaka yangu yote ya ukarani nilijivunia kitu kimoja: kurasa zangu zilikuwa safi. Hazikuwa na doa la wino wala neno lililofutwa. Wenzangu waliandika kama kuku anayeparura jalalani, mimi niliandika kama mtu anayempangia mgeni vyombo. Leo mtu akisifia mwandiko wangu, nageuza mazungumzo. Nitasema kwa nini, ila majina siyataji. Nimekwisha kuharibu vya kutosha kwa majina.

Nilikuwa kijana, karani mpya katika ofisi ya zoni, yaani wilaya, hapa Lubumbashi, wakati amri ilipotoka kwamba majina ya ubatizo yaondoke na kila raia achukue jina la mababu zake. Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alizaliwa mwanachama, apende asipende. Asubuhi tuliimba na kukata viuno mbele ya bendera, wakubwa kwa wadogo, halafu tukajipangusa jasho na kukaa mezani kubadilisha majina ya watu. Foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Wengine walikuja na jina tayari mdomoni, wengine walilazimika kurudi nyumbani kumwuliza bibi.

Karani mzee aliyenifundisha kazi, mtu aliyeanza enzi za Wabelgiji, alinivuta kando siku ya kwanza.

"Jina ya zamani usiiache," akaniambia. "Andika yake ku kando, kadogo-kadogo tu. Siku moja mwenye nayo ataitafuta."

Pembeni mwa kila ukurasa wa daftari kuna nafasi nyeupe, nayo kazi yake ni hiyo: kueleza kwamba huyu aliyeitwa hivi sasa anaitwa vile. Nilimsikia mzee yule, nikamdharau. Nilimwona mtu aliyezeeka na uoga wa Wazungu wake. Mimi nilivaa beji ya chama kifuani, na kulikuwa na mkubwa mmoja wa chama aliyepita-pita kati ya meza akichungulia. Hakunikataza chochote, nisimsingizie. Ni mimi niliyetaka akifika kwangu akute ukurasa usio na jina hata moja la kigeni. Kwa hiyo pembeni sikuandika kitu.

Siku moja akaja mama mdogo na mumewe. Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, naye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mumewe, niliyemwita baba mdogo, alikuwa fundi wa mashine katika kampuni ya shaba ya serikali. Nyumba yao aliijenga mwenyewe siku zake za mapumziko, tofali kwa tofali, mama mdogo akimchotea maji ya udongo. Siku hiyo kulikuwa na meza zenye foleni fupi, lakini wao walisimama saa mbili kwenye yangu kwa ajili ya fahari tu. Mama mdogo alivaa kikwembe kipya, kitenge cha sherehe.

"We njo utatuandika, mutoto yetu," akasema kwa sauti, ili watu wasikie kwamba karani ni wa kwao.

Baba mdogo alichagua jina la babu yake. Nilipokwisha kuliandika akainama, akaangalia.

"Na ile ya batizo? Karatasi ya parsele iko na ile ya batizo." Alimaanisha hati ya kiwanja cha nyumba yao.

"Ile ilikufa, baba mudogo. Leo tunaizika."

Wakacheka wote wawili, mama mdogo zaidi. Nikapuliza wino ukauke. Wiki ile ile waliandikisha ndoa yao serikalini kwa jina hilo jipya, maana kabla ya hapo walikuwa wameoana kwa mila tu na kampuni ilitaka karatasi ndipo mke atibiwe hospitalini.

Miaka ikaenda. Nikahamia mahakamani, nikawa karani wa kukaa chini ya hakimu na kuandika yanayosemwa. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa nyumba ya haki. Mahakama nayo ilihesabiwa kuwa kiungo cha chama, na hakimu wetu alivaa beji kama mimi. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na aliyechoka hupenda karatasi kuliko maneno.

Baba mdogo alikufa ghafla kwa homa. Matanga hayajaisha vizuri, akaja mpwa wake, mtoto wa dada yake, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Kasomeno. Katika ukoo wa baba mdogo mrithi ni mtoto wa dada, kwa hiyo kuja kwake hakukutushangaza. Wajane wangapi tuliwaona wakitolewa na godoro kichwani! Lakini mama mdogo hakuogopa. Sheria mpya ya jamaa ilikuwa imetoka, redio ikaieleza: watoto wa marehemu kwanza, mjane asifukuzwe nyumbani. Aliishika kichwani kama sala. Alikuwa na binti wawili bado wa shule.

"Sheria iko na shiye," aliniambia, maana yake iko upande wetu. "Akuye tu."

Mpwa alikuja, ila hakudai urithi. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumepatikana. Kwetu mtoto hupewa jina la ndugu lote zima, na tangu hapo hao wawili huitana majina, maana yake wa jina moja. Baba mdogo alisimamia ubatizo wa mpwa wake, akampa jina lake la ubatizo na la ukoo pamoja. Kwa hiyo jina lililokuwa kwenye karatasi ya kiwanja lilikuwa la mpwa pia, herufi kwa herufi. Karatasi yenyewe aliitoa ndani ya sanduku siku za matanga, wakati sisi tunalia. Akaenda nayo mahakamani, akasema: nyumba ni yangu, mjomba alinitunzia tu. Na huyu mama ameolewa na mtu mwenye jina lingine, tazameni cheti chake cha ndoa.

Naye je, hakubadilisha jina? Alibadilisha. Lakini karani wa huko kwao, mtu nisiyepata kumwona hata leo, aliandika jina lake la zamani pembeni. Kadogo-kadogo tu.

Faili lilipofika mezani kwangu, wajibu wangu ulikuwa kumwambia hakimu: mwanamke huyu amenilea, mpe karani mwingine. Sikusema. Nilijidanganya kwamba nikiwa ndani nitamsaidia. Siku ya kuamkia kesi, saa sita, wenzangu walipokwenda kula, nikatoa daftari. Nakala ya kila daftari la zoni hutunzwa mahakamani, na ile ya mwaka ule ilikuwa kabatini nyuma ya kiti changu. Mwandiko ulikuwa wangu na ukurasa ulikuwa safi. Nilikuwa na kalamu mkononi, na mstari mmoja ungetosha. Nikaifunika. Wino mpya ungejulikana, na zaidi ya hapo nilijiambia kwamba mimi si mtu wa kughushi. Nilirudi nyumbani najiona mwaminifu, nikala bukari yangu, ugali wa kwetu, vizuri kabisa.

Kesho yake walikuja majirani, akaja pia mwashi aliyesaidia kupandisha kuta. Wote walisema marehemu na yule wa kwenye karatasi ni mtu mmoja. Hakimu aliwasikiliza, kisha akasema kwamba maandishi ya serikali hayapinduliwi kwa midomo. Akaagiza daftari.

"Karani, soma."

Nikasoma.

"Na ku kando?"

"Ku kando hakuna kintu, Citoyen Juge." Raia Hakimu, ndivyo chama kilivyotaka aitwe.

Hakimu alikuna kidevu. Nafikiri alitaka kumsaidia, kwa maana aliuliza jambo ambalo hakulazimika kuliuliza.

"Mama, unakumbuka karani mwenye aliandika hii? Tumwite, aseme kama bwana yako alimwambia jina ya zamani."

Mama mdogo alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu. Kikwembe kilikuwa kile kile cha siku ile, kimepauka. Aliniangalia. Nilijua anachokipima, kwa sababu na mimi nilikuwa nakipima: karani aliyeficha udugu katika kesi, tena aliyeharibu daftari la serikali na kumdanganya hakimu kwa kunyamaza, angefukuzwa siku hiyo hiyo, pengine angelala jela. Nilikuwa na watoto watatu, na wote watatu yeye ndiye aliyewaogesha walipozaliwa. Kusema ilikuwa kazi yangu. Nikainamisha macho kwenye karatasi.

"Sijue, Citoyen Juge," akasema. "Ilikuwa zamani. Bakarani balikuwa mingi."

Nami nikaandika hivyo. Shahidi hajui, makarani walikuwa wengi. Niliandika kwa mwandiko mzuri, bila doa.

Mpwa alishinda. Hakukaa hata mwezi mmoja katika nyumba ile, aliiuza akarudi kwenye samaki wake. Mama mdogo alikuja kwangu na binti zake, akakaa chumba cha nyuma. Alipika, alicheka na wanangu, aligombana na jirani juu ya makala, yaani mkaa wa kupikia, na mimi alinisalimu kila asubuhi kama kawaida. Jambo lile hatukulisema. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilificha mpaka nikawa mgumba wa maneno ndani ya nyumba yangu. Nilimwogopa. Mwanamke mfupi yule, aliyewahi kunibeba mgongoni, nilikuwa nikisikia hatua zake uani nabadilisha njia.

Kisha chama kimoja kikaisha, na majina ya ubatizo yakaruhusiwa. Watu wakapanga foleni tena, safari hii kuyarudisha. Hakimu alikuwa mwingine, kijana. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono: ni mimi niliyeandika ukurasa ule, marehemu alinitajia jina lake la zamani, nikaliacha makusudi, na mjane wake ni mama yangu mdogo. Nikampelekea, nikasimama kungoja polisi.

Alisoma, akatia sahihi ya kuruhusu masahihisho, akanirudishia.

"Karani," akasema, "kama tunafunga bote benye baliacha ku kando bila kintu, nani atabakia mu ofisi?"

Ndivyo ilivyokwisha. Lile lililonifanya ninyamaze miaka yote hiyo halikuzidi dakika tano. Labda siku ile ya kesi lingekuwa zito zaidi, sijui, na sitajua. Nyumba haikurudi. Ilikwisha kuuzwa mara mbili, na muda wa kukata rufaa ulipita zamani. Lakini nilifungua daftari, nikaandika jina la baba mdogo pembeni, kadogo-kadogo, kama nilivyofundishwa.

Nilipofika nyumbani mama mdogo alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Mama mudogo, leo niliandika jina ya baba mudogo ku kando. Hakimu alikubali."

Aliendelea kutwanga kidogo, kisha akaacha.

"Uliandika muzuri?"

"Ndiyo, mama. Muzuri."

Akatikisa kichwa polepole, akakung'uta majani yaliyoganda kwenye mchi.

"Hata ile siku ulisoma muzuri," akasema. "Nilikuwa nangojea hata ukohoe."

Akainua mchi, akaendelea na sombe yake.