Mtafsiri wa Saa Kumi na Moja

Mimi ni mtu wa filme za bunduki. Nasema bila kujificha, ingawa kwa mtu wa Goma huo ni ugonjwa. Waasi wameingia mji wetu mara nyingi kiasi kwamba sina hamu ya kuzihesabu, na kila walipoingia mimi nilikuwa chini ya kitanda, shavu kwenye simenti. Lakini ngoja utulivu urudi, ngoja kuran, umeme, irudi kwenye nyaya: mimi huyo kwenye kiti, natafuta filme ambayo watu wanapigana risasi tangu mwanzo hadi mwisho. Siku moja mke wangu aliniuliza, "Papa, za hapa hazikutoshi? Unatafuta na za ng'ambo?"

Yeye alipenda seri, zile tamthilia ndefu za kutoka Amerika ya Kusini zilizotiwa sauti za Kifransa, ambazo watu wana nyumba ya ghorofa mbili na wanalia kwenye ghorofa zote mbili. Mwanamke analia, mlango unafunguliwa, anaingia mwanamke mwingine, naye analia. Kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni. Na televizyo ilikuwa moja.

Tena mke wangu hakujua Kifransa. Alikuwa darasa la tano kwao, mji wa Kiwanja, vita vilipofika. Askari wakalala kwenye madarasa, familia ikakimbia, na waliporudi mama yake akamuweka kwenye biashara ya maharagi. Sokoni hakuna wa kumdanganya. Lakini Kifransa kilimpita, na jambo hilo lilimuuma. Mimi nilikuwa na diploma ya serikali na kazi ya kujaza karatasi za forodha mpakani, na nilivyojivunia Kifransa changu ungedhani nimekizaa mimi.

Basi tukapatana. Baada ya chakula televizyo ni yangu na bunduki zangu. Saa kumi na moja nakaa naye, natafsiri. Mwezi wa kwanza nilitafsiri kwa uaminifu kama mtu aliye mbele ya hakimu. Mwezi wa pili nikachoka. Watu wale wanasema mno! Mtu akitaka kusema anampenda fulani, anazunguka hadi chai inapoa. Nikaanza kufupisha.

"Amesema nini?" mke wangu anauliza.

"Anamusalimia."

"Muda wote ule?"

"Ni watu wa heshima."

Habari ikafika parsele ya jirani, ng'ambo ya ukuta wetu. Mama jirani akaanza kuja na dada yake, kila mmoja na kiti chake kidogo. Siku ya tatu yule mama akasema, "Papa, unatafsiri kama padri!" Ayayaye. Kichwa changu kikavimba. Kuanzia hapo sikufupisha tena, nilianza kutunga. Bibi wa familia ile nikamfanya mchawi. Kulikuwa na dokta mmoja mwenye nywele za mafuta ambaye alinichosha kwa maneno yake, nikamuua. Nilisema amepata ajali ya gari. Wale wanawake wakapiga mayowe, na mke wangu akalia machozi ya kweli, akala nusu sahani tu siku ile. Mimi nikatoka nje nikacheka hadi nikashika ukuta. Mungu anisamehe.

Wiki iliyofuata mlango wa seri ukafunguliwa, dokta akaingia na maua mkononi.

Wanawake watatu wakanigeukia.

"Ni pacha wake," nikasema. "Alikuwa Ulaya."

"Kumbe walikuwa mapacha!" akasema mama jirani, na dada yake akasema yeye alishaona mapema kwamba kuna kitu. Kufikia mwisho wa mwaka nusu ya watu wa seri ile walikuwa na pacha Ulaya.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miaka miwili, kwa sababu binti yetu mkubwa alisoma mbali kwa masista na alifika nyumbani seri ikiwa imekwisha. Siku moja walimu walikuwa na mkutano, akarudi mapema. Akakaa chini karibu na mama yake. Akanisikiliza kidogo, akacheka.

"Papa, lakini hasemi vile."

Nikamkazia jicho, lile jicho la baba. Halikusaidia kitu. Mama yake akamuuliza, "Anasema nini?" na mtoto, ambaye alifundishwa kusema kweli, na si na mimi, akamwambia. Akamwambia ya siku ile, kisha akaulizwa ya dokta, akajibu kwamba seri ile inajulikana hata shuleni kwao na dokta hajawahi kuwa na pacha. Majirani wakachukua viti vyao wakaenda bila kuaga.

Mke wangu akazima televizyo. Nilitegemea kelele, nikawa nimeshaandaa za kwangu.

"Miaka miwili," alisema. "Nakaa pale kama mujinga na wewe unanichekea. Sikukuomba nguo, sikukuomba viatu. Nilikuomba masikio yako."

Tangu siku ile hakuamini neno langu. Nikisema mpakani mvua imenyesha, anaangalia viatu vyangu. Barua ikija kutoka shule, namsomea, anaitikia "haya", anaikunja na kumngojea binti. Kazini niliwasimulia wenzangu kama kichekesho, wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nyumbani iliniuma. Sikujua kwamba kuaminiwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa kama chumvi.

Halafu mlima ukatoka moto. Jumamosi jioni mbingu ikawa nyekundu juu ya Nyiragongo, moto ukashuka hadi ukingoni mwa mji, ukasimama pale. Tukamshukuru Mungu, mapema mno. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika. Ukuta wa sebule ukapasuka toka juu hadi chini. Binti tukampandisha boti aende Bukavu kwa mama yake mdogo. Na mimi, mtaalamu wa vita vyote vya televizyo, kila tetemeko nilikuwa wa kwanza chini ya meza. Mara moja nilimpita mtoto wetu mdogo njiani.

Asubuhi moja nilikuwa nanyoa ndevu radio ilipotoa kominike, tangazo la wakubwa wa jimbo, kwa Kifransa. Watu wa kartie kadhaa, mitaa mizima, waondoke mara moja, na kartie yetu ilikuwa ndani. Moto huenda unatembea chini ya mji, labda hata chini ya ziwa. Nikakimbia jikoni na sabuni usoni. Mke wangu alikuwa anachagua maharagi, mtoto pembeni.

"Mama, tuondoke! Sasa hivi, njia ya Sake. Radio imesema."

Hakuinua kichwa. "Imesema kwa Kiswahili?"

"Kwa Kifransa."

"Haya," akasema, akatoa jiwe kwenye maharagi akalitupa.

Nikaapa kwa Mungu. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu.

"Dokta naye alikufa," akajibu. "Tena kwa ajali."

Ardhi ikatetemeka, kifuniko cha sufuria kikaanguka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na sikuogopa mlima. Niliona kwamba tutakufa pale wote watatu, mke wangu, mtoto na mimi, kwa sababu nilimpa mtu wa televizyo pacha. Nikaanza kulia. Mwanaume mzima, povu la sabuni usoni, radio mkononi.

Akasogeza maharagi pembeni. "Lete hiyo radio."

Kominike ikarudiwa. Akaiweka radio sikioni na kuinua kidole nisiseme kitu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilinyamaza wakati Kifransa kinasemwa. Midomo yake ikatembea polepole. *Danger. Partir. Tout de suite. Les enfants.* Hatari, kuondoka, sasa hivi, watoto: alikuwa anayajua! Katika seri yake haikupita siku bila mtu kulazimika kuondoka *tout de suite*. Zile filme zangu zilinifundisha nini? Kulala chini, basi, na hilo nilikuwa nalijua zamani.

Akasimama, akamfunga mtoto mgongoni. "Ni kweli," akasema. Hakuniambia mimi, aliiambia radio.

Tulitembea siku nzima katika watu, magodoro, mbuzi na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zilizobeba wazee na masufuria. Mimi nilikuwa na godoro kichwani na maharagi begani. Alitangulia, hakuniuliza kitu. Tulifika Sake jua likiwa linashuka, tukapata nafasi kwenye darasa la shule, na mle ndani tukawakuta mama jirani na dada yake, macho yamevimba kwa kulia.

"Papa," mama jirani akaniita, "wewe unasikia Kifransa. Wamesema tutarudi lini?"

Darasa zima likanigeukia. Radio haikuwa imesema siku. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, na jibu lilikuwa tayari, tamu, la huruma: siku tatu, mama, siku tatu tu. Lingewalaza usingizi wote. Mke wangu alikuwa anatandika kitenge, mkono wake ukasimama.

"Sijui," nikasema. "Hawakusema. Hata wao hawajui."

"Sasa hicho Kifransa chako kinasaidia nini?" mama jirani akafyonza, akanigeuzia mgongo.

Mke wangu akamsogeza mtoto upande wa ukuta, akapapasa kitenge mahali palipobaki wazi.

"Kaa," akasema. "Leo umetafsiri muzuri."