Bai Yulong na Bakuli la Uzi Mmoja

Bai Yulong anavuta tambi katika mkahawa wetu hapa Lanzhou, na majisifu hayamtoki mdomoni. Analipiga donge la unga mezani, analivuta, analikunja, analivuta tena, huku akiwakonyeza wateja. Mimi nachota supu pembeni yake, kwa hiyo kelele zote zinaishia masikioni mwangu.

Alitaka kumuoa Cuilan, anayekata nyama humo humo mkahawani. Mama yake Cuilan hakutaka kusikia. Siku moja alikula tambi akizihesabu, kesho yake akarudi.

"Jana ulinipa nyuzi mia mbili hamsini na sita. Ulikunja mara ngapi?"

"Nane, mama."

"Leo nataka nyuzi mara mbili ya hizo. Ukikosea, binti yangu humpati."

"Kumbe kazi yenyewe ndogo hivyo!"

Jamani, si akaamua kukunja mara kumi na sita! Mara ya kumi na moja tambi zikawa nywele. Ya kumi na tatu zikakatika, zikarukia ndevu za mzee Sha, aliyekuja kunywa supu tu.

Cuilan akatupa kisu. "We Yulong, una akili kweli? Kila ukikunja, zote zinakuwa maradufu! Ungeongeza mkunjo mmoja tu, tisa basi! Umezoea kutoka kwenye mikunjo kwenda kwenye nyuzi. Mama anakupa nyuzi, anataka mikunjo. Rudi nyuma! Gawa kwa mbili mpaka ubaki na uzi mmoja, uhesabu umegawa mara ngapi."

Hiyo ndiyo logi ya hisabati, kipeo kilichogeuzwa, iliyotutoa machozi shuleni. Cuilan aliimaliza kwa pumzi moja, nikamchukia kidogo.

"Nyuzi sitini na nne?" mama akauliza.

Yulong akagawa kwa vidole. "Sita!"

"Uzi mmoja?"

Yulong akainua kidole kimoja, akakitazama. "Sikunji kabisa, mama. Sifuri."

"Haya, nipikie."

Akaviringisha uzi mmoja, mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Kwetu uzi wa hivyo haukatwi kwa meno, ukiukata utajikatia maisha. Mama akaufyonza, mashavu yamemjaa. Papo hapo Yulong akapiga magoti.

"Mama, unanipa Cuilan?"

Mama akatoa macho, kichwa kikipanda na kushuka. Huenda alikuwa anavuta tambi tu. Alipopata nafasi ya kusema, tulikuwa tumeshapiga vigelegele.