Mfungo wa Ghafla Katesh

Jumamosi iliyopita, kwenye matembezi ya hisani ya kuwachangia wanaoishi na virusi vya Ukimwi hapa Katesh, nilitembea na mzee mmoja wa Endasak.

"Shikamoo mzee. Umekuja kwa ajili ya nini?"

"Marahaba. Upendo tu, mwanangu," akajibu, akiivuta fulana yake mpya ifunike kitambi. Kifuani iliandikwa: Tuko Pamoja.

Mwisho wa njia alitusubiri mama mmoja na sufuria la uji. "Karibuni," akasema. "Mimi ni mmoja wa hao mliotembea kwa ajili yao. Nimeupika mwenyewe."

Mzee, aliyekwisha kunyoosha mkono, akaurudisha mfukoni. "Asante mama, leo nimefunga."

Aliyemfuata naye alikuwa amefunga. Na wa nyuma yake. Sijawahi kuona uchaji Mungu ukienea upesi namna ile.

Mfungo wenyewe uliishia ng'ambo ya barabara, kwenye mishikaki. Mafuta yalimdondokea mzee kifuani, juu ya neno Pamoja.

Mama aliwatazama, akanijazia kikombe tena.

"Waliposema wamefunga," akaniambia, "nilidhani wananiombea."