Uso wa Kwenye Leseni

Mume wa dada yangu ni fundi wa majokofu, mgeni mwenye kibali katika nchi ya watu. Kitambulisho chake cha ukaazi alikitunza kama mboni ya jicho, ndiyo maana hakukitembeza. Alikiviringisha kwenye nailoni akakifungia kabatini, na mfukoni akabeba fotokopi. Ujinga huo ni wa sisi wageni tu.

Siku moja kabla ya kwenda kupigwa picha ya leseni ya udereva, polisi walimsimamisha akitoka kazini. Mmoja aliichana ile fotokopi, mwingine akamshukia kwa rungu. Dada alipofika kituoni na kitambulisho chenyewe, jicho la kushoto lilikuwa limefumba na mdomo umepasuka. Walimwachia bila hata pole. Mimi ningemng'ata mtu.

"Ahirisha hiyo picha, baba watoto," dada alimsihi.

"Nafasi hii nimeisotea mwaka mzima. Nitakwenda na uso nilio nao."

Akaenda hivyo hivyo, na leseni ikatoka.

Uso ulipona. Jana nilikuwa naye garini, nyaraka zote kazining'iniza shingoni, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari aliikodolea macho leseni, akamkodolea yeye, kisha akapenyeza mkono dirishani na kumkaba shati.

"Huyu si wewe."

 Shemeji alivua miwani, akanipa nimshikie.

"Ni mimi, afande. Anza na jicho la kushoto, tutafanana."