Chupa ya Mama wa Kiambere

Siku ya tatu ya kujitolea katika hospitali moja ya Embu, glavu zilinifanya nijione daktari, mimi niliyeacha shule kidato cha pili. Wazazi walifariki, wadogo zangu wawili wananitegemea, na Ijumaa hiyo sista mkuu angeamua kama nitaajiriwa.

Kazi yangu ilikuwa kupokea chupa za mkojo za wagonjwa. Mama mmoja kutoka Kiambere akaweka mezani chupa ya soda iliyojaa pomoni kitu cha majimaji cha manjano.

"Mama, mbona umejaza hivi? Tunataka kidogo tu!" nikamkaripia, foleni nzima ikisikia.

"Kidogo na safari yote hii, kijana? Hiyo ni ya Wanja."

Nikaandika kwenye karatasi: Mkojo, Wanja. Nikaibandika, nikaipeleka maabara kwa vidole viwili, pua nimeikunja, mjinga mimi.

Muda si mrefu sista mkuu akatoka maabara na ile chupa.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, sista," nikajibu kwa fahari, nikingoja sifa.

Akaigeuza chupa ili foleni isome. "Hii ni asali. Huyo uliyemfokea ni mama yangu. Na Wanja ni mimi."