Sauti ya Pili Ikibaki Peke Yake

Mwaka jana nilisoma habari za wanamuziki wawili wa Brazil zaidi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote cha shule. Wawili hao huvaa suruali za kubana na kofia pana kama sufuria za harusini. Tuliwajulia kwa kinyozi Mmsumbiji aliyefungulia nyimbo zao mchana kutwa chini ya ghorofa letu, mtaani Turffontein. Mimi na rafiki yangu tukaanza kuwaiga. Kireno hatukijui. Kinyozi alisema tunaimba kama watu wenye viazi vya moto mdomoni.

Rafiki yangu aliimba sauti ya kwanza, ya juu. Mimi ya pili, ya chini. Mwalimu alikwishatuandika kwenye tamasha la shule.

Kisha simu ikalia kwa kina rafiki yangu: Kanada imewakubali, familia nzima, baada ya kungoja miaka. Wangeondoka kabla ya tamasha. Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nami nilishangilia, kwa adabu tu.

Nilirudi nyumbani nikajifungia bafuni nijaribu sehemu yangu peke yangu. Mama akabisha.

"Weye, tumbo linakuuma?"

"Naimba, Mama."

"Unaimba nini?"

Ulikuwa wimbo anaousikia kila siku kutoka kwa kinyozi akisuka watu nywele, na hakuutambua. Sauti ya pili bila ya kwanza ni mtu anayelalamika kwa mpangilio.

Ndipo nikaanza kuwasoma wale Wabrazili, simu chini ya dawati. Nilitaka kujua jambo moja tu: walipoachana, yule wa pili ilikuwaje? Walianza wakiwa watoto, wakajaza viwanja, wakaachana. Wa kwanza akaendelea kujaza viwanja. Wa pili alipewa sentensi moja: alikwenda shambani kufuga ng'ombe. Eish. Ghorofani kwetu hata kuku haruhusiwi. Mbele kidogo waliandika kwamba walirudiana kwa ziara moja, baada ya miaka kumi na tano. Mimi nina kumi na sita.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda kwa kina rafiki yangu. Sanduku lilikataa kufungika, kwa hiyo mama yake akatuamuru tulikalie, akaenda kutafuta kamba.

"Huko utatafuta mwingine?" nikauliza, nikiangalia ukuta.

"Mwingine wa nini?"

"Wa chini."

"Kwa baridi ile? Watu wote huko sauti zitakuwa zimeganda."

Nilicheka kidogo kuliko kawaida yangu. Akaniangalia.

"Kumbe una hofu, wewe mpumbavu?"

"Hofu ya nini? Nakalia sanduku."

Akaanza wimbo. Sikuingia. Niliona nikiingia tutafika mwisho, na tukifika mwisho nitateremka ngazi niende kwetu. Basi akaimba ubeti mzima peke yake, na lile ndilo jambo baya zaidi, maana ulikuwa mzuri. Ulitambulika kabisa. Kutoka chumba cha pili dada zake wadogo wakaanza kuitikia, bila mimi.

Akafika kwenye kiitikio, akakatiza.

"Ingia, bwana! Nitashika vipi hapa juu kama hakuna mtu chini?"

Nikaingia. Nilichelewa, na noti ya kwanza niliikosa kabisa. Alinipiga kiwiko, akarudi nyuma mstari mmoja kunisubiri.