Bobini Niliyoifungua Bila Kuomba

Niliyoyaona niliyaona mchana, saa kumi, nikiwa na macho yangu mawili. Sinywi pombe, si mtu wa kusikia sauti hewani, na kazi ya ufundi wa magari hapa Butembo imenifundisha kutoamini kitu mpaka nimekigusa. Nalitanguliza hilo ili usinikatize katikati. Hata mimi ningemcheka mtu anayesimulia hivi, kama msimuliaji asingekuwa mimi.

Shemeji yangu Mbusa, mume wa dada yangu mdogo, anaendesha teksi kati ya Butembo na Beni. Mwaka juzi, msimu wa mvua, injini ya gari lake ilianza kuruka. Inatetemeka, inakohoa, nguvu inapotea. Sasa, katika gereji yetu silinda hatuziiti kwa namba. Tunaziita kama kwetu tunavyowaita watoto wa kiume, kwa zamu ya kuzaliwa: Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule. Nikakata umeme wa moja moja injini ikiwa inawaka. Nilipokata wa Mumbere, injini ilitikisika. Wa Kambale, vivyo hivyo. Nilipokata wa Kasereka hakuna kilichobadilika. Basi silinda ya tatu ndiyo ilikuwa haifanyi kazi, na bobini yake, kile kifaa kidogo kinachopeleka cheche kwenye plagi, ilikuwa imeungua.

Mpya ya aina ile haikupatikana mjini wiki hiyo. Nyuma ya gereji palikuwa na gari la aina moja na lile la Mbusa, limepondeka mbele. Dereva wake, kijana, alifia ndani. Gari kama hilo kwetu haliguswi ovyo. Unawaita kwanza watu wa nyumbani kwake, mama yake, au aliyebaki badala ya mama, analiwekea mkono, analia kama ana cha kulia, kisha anasema, "Mutwaye," yaani chukueni. Hapo ndipo spana inaingia. Mama wa kijana yule aliishi mbali, upande wa Alimbongo, na njia ilikuwa imeharibika. Mbusa alitaka kuondoka alfajiri. Nikasema moyoni, kifaa kidogo vile, nani atajua? Nikakifungua.

Siku mbili baadaye Mbusa alirudi. Yeye huniita Beau, yaani shemeji, na kuruka kwa injini hukuita raté.

"Beau, moteur iko na raté tena. Hapa inatembea muzuri, mais kwenye kilima cha kwenda Beni inakufa."

Nilibadilisha plagi zote nne. Nilisafisha injekta, nikapima mgandamizo, nikafuata kila waya kwa vidole. Nikaihamisha ile bobini kutoka silinda ya tatu kwenda ya kwanza, maana kama kifaa ndicho kibovu, ubovu utahama nacho. Ukahama kweli: plagi ya Mumbere ndiyo ilirudi na masizi kutoka kilimani. Lakini nikiijaribu mezani inatoa cheche safi kabisa. Wiki tatu, jamani, na mpya bado haijafika mjini! Abiria walianza kumkwepa Mbusa kituoni. Na barabara ile si ya kukwama: wenye bunduki wakitoka porini, gari lisilo na nguvu halimwokoi mtu. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Siku moja alinifuata gereji, akiniita Yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, kama hauweze tengeneza hii gari, umwambie abakie ku nyumba. Miye niko naogopa."

Niliona aibu, na aibu yangu huja na hasira. Kesho yake nikapanda na Mbusa, bila abiria, nilisikilize gari mwenyewe.

Tulipoanza kupanda kilima, ukungu ulishuka mpaka kwenye kioo. Injini ikaanza kuruka. Nikamwambia Mbusa asimame lakini asizime. Nikatoka, nikafungua boneti, nikainama. Hapo nikaona mkono wa mtu mwingine karibu na wangu.

Alikuwa kijana mwenye koti jeusi la ngozi. Sikumsikia akija. Aliweka kiganja chote juu ya injini inayowaka, mahali ambapo mimi sithubutu kuweka hata kidole, na hakukiondoa.

"Hii bobini ni ya motokari yangu," alisema polepole, bila ukali. "Mulifungula bila mama kuona. Mama hayaona bado ile motokari, na munaimaliza kidogo kidogo."

Wewe ungejibu nini? Mimi nilisema neno la kipumbavu: "Pardon, chauffeur," yaani samahani, dereva. Akauondoa mkono wake. Nilitazama injini mara moja tu, na nilipoinua kichwa palikuwa na ukungu mtupu. Silinda zote nne zilikuwa zinafanya kazi.

Nilifunga boneti, nikarudi ndani. Nilidhani Mbusa hakuona kitu. Nilimkuta ameshika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Ulimuona?" nilimwuliza.

"Ule? Kila siku ananisimamisha hapa, namubeba. Akiingia, moteur inaanza raté. Akishuka kule juu, inapona. Sikukuambia, Beau. Ungesema niko nalewa."

Wiki tatu nafungua na kufunga, kumbe shemeji yangu anajua kitu pekee nilichohitaji kujua! Nilitaka kumzaba kofi, niamini. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia nilikuwa nimemficha ile bobini ilitoka wapi.

Asubuhi yake nilipanda pikipiki mpaka upande wa Alimbongo. Mama wa yule kijana nilimkuta shambani anavuna viazi. Nilimwambia yote, sikujitetea. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Alikuwa na koti?"

"Ndiyo, mama. La ngozi."

"Basi baridi haimushike," alisema, akaendelea kuokota viazi vyake.

Jumamosi alikuja Butembo. Alilizunguka gari lililopondeka, akapitisha mkono kwenye mlango wa dereva, akaingia, akakaa kwenye kile kiti muda mrefu sana. Sisi mafundi tulizima kila injini tukasimama. Aliposhuka alisema, "Mutwaye. Na ile yenye muliiba, muiache palepale. Itumike." Nilishindwa kumtazama usoni.

Bobini ile iko kwenye gari la Mbusa hadi leo na haijaruka tena hata mara moja. Dada yangu alijifungua salama, na mtoto sasa anatembea.

Lakini usinipongeze. Kabla ya siku ile nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja, na haikuwa mara ya kwanza kwangu kuona uvivu wa kumngoja mama wa mtu. Vifaa hivyo vingine viko wapi? Sijui. Viko Beni, viko Oicha, ndani ya magari ya watu ninaowasalimu kanisani. Kwa hiyo nakuomba, injini yako ikiruka mahali pamoja kila siku, usimfiche fundi ni nani umembeba. Na kama fundi huyo ni mimi, usishangae nikianza kwa kukuomba msamaha.